Serikali Haishuki Toleo

Nchi ya Sifakuu haipo, na hata ingekuwepo msingeitambua, kwa kuwa haifanani na nchi yoyote mnayoijua. Kule, kwa mfano, viongozi wanapenda kusifiwa. Kule mtu akiboronga kazi hupandishwa cheo, ili kosa lake lionekane dogo mbele ya ukubwa wa kiti. Nayasema haya mapema asije mtu akadai namsengenya jirani yake.

Wananchi wote wa Sifakuu, kuanzia mkuu wa nchi, Mwadhama Mwasisi, hadi muuza mahindi ya kuchoma, walikuwa wamewekwa ndani ya mashine moja iliyoitwa Kanzidata Kuu ya Taifa. Mtu akitaka maji, mashine iliulizwa kama inamjua. Akitaka dawa, iliulizwa. Akitaka kuoa iliulizwa vilevile, na mara nyingine ilimtaja mchumba mwingine kabisa. Kanzidata hiyo ilikwenda kwa matoleo. Toleo la kwanza liliandika majina tu. La pili likaongeza kabila, la tatu likalifuta kwa sababu wahisani walikuwa njiani, na la nne likalirudisha wahisani walipopanda ndege. Wakati wa mambo haya nchi ilikuwa kwenye toleo la sita, na majirani zao, watu wasio na adabu, walikuwa wametangaza kwamba wako la saba.

Kila toleo jipya lilikuja na msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kuwahamisha watu kutoka muundo wa zamani kwenda muundo mpya, na kabla msimbo huo haujawagusa watu ilibidi ujaribiwe. Kazi hiyo ilikuwa ya Dakta Zefania Kitundu, Mkurugenzi Mkuu wa Majaribio, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa moyo. Idara yake haikuwahi kufeli jaribio hata moja. Wataalamu kutoka nchi za mbali walikuja kujifunza siri yake, wakapewa chai na maandazi, naye akawaeleza bila choyo.

"Tunajaribu kwenye kanzidata tupu," alisema. "Watu huchafua majaribio."

Na kweli walichafua. Mmoja ana majina matano, mwingine ana moja. Huyu kaandika kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, yule kaweka namba ya simu ya jirani kwa kuwa yake imeibwa. Msimbo ukikutana na viumbe wa aina hiyo unakwama, taa nyekundu inawaka, na waziri anauliza maswali. Basi Dakta akawaondoa wote. Humo ndani alimweka mtu mmoja tu wa kutunga, jina lake Fulani bin Fulani, mzaliwa wa tarehe mosi Januari, mkazi wa Mtaa wa Mtaani, kazi yake kazi. Kila msimbo mpya ulipokuja, Fulani aliingizwa, akapitishwa, akatoka mzima, taa ya kijani ikawaka, kisha akafutwa hadi siku nyingine. Hakuwahi kulalamika. Mwadhama Mwasisi alipata kumtaja katika hotuba ya sikukuu kuwa ndiye raia wa mfano, na vijana wakahimizwa wamuige.

Sasa toleo la saba lilikuja na safu mpya iliyoitwa Uhai. Sababu yake ilikuwa njema. Iligundulika kwamba marehemu wengi walikuwa wakipokea pensheni na kupiga kura. Kura haikuwa na tatizo, ila pensheni iliwauma wakubwa. Kuanzia sasa mbele ya kila jina pangeandikwa kama mwenye jina yu hai au hayupo.

Waziri wa Taarifa Tukufu, Mheshimiwa Abeid Machupa, aliitisha kikao. Aliketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu kuliko viti vingine, akafuta jasho, akasema ana furaha isiyo kifani. Injinia Kidawa, mwanamke aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo na ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote, akanyoosha mkono furaha hiyo ikiwa bado inaendelea.

"Mheshimiwa, hawa watu wa zamani hawana safu ya Uhai. Siku ya kupandisha toleo, mashine iwaandikie nini?"

Waziri akamtazama Mwanasheria Mkuu. Mwanasheria Mkuu akavua miwani, akaipulizia, akaivaa tena.

"Serikali haiwezi kumdhania mtu uhai," alisema. "Uhai ni madai, na anayedai ndiye anayethibitisha. Kwenye mipangilio iwekwe HAPANA, hadi mhusika alete ushahidi."

"Kwa hiyo wote watakuwa wamekufa."

"Kwa muda tu," akasema Mwanasheria Mkuu.

"Basi tujaribu kwanza kwenye nakala," akasema Kidawa. "Tuwachukue watu halisi wa toleo la sita, tuwanakili pembeni, tuwapandishe huko, tuone watakavyokuwa."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Katika kanzidata ya Sifakuu mtu wa kwanza kabisa kuandikwa alikuwa Mwadhama Mwasisi mwenyewe. Kuinakili kanzidata ni kumnakili yeye, na sheria ya nchi ilisema wazi kwamba Mwasisi ni mmoja na atakayetengeneza wa pili atanyongwa.

"Mkurugenzi wa Majaribio anasemaje?" akauliza Waziri.

Hapo Dakta Zefania akasimama. Mimi sipendi kumwonea mtu, kwa hiyo niseme kilichokuwa kichwani mwake. Alijua Kidawa amesema kweli. Alijua pia kwamba mama yake mzazi, Bi Nambua, mwanamke aliyezaliwa mwaka wa nzige, alikuwa amelazwa hospitali kuu akisubiri kupasuliwa nyongo iliyojaa mawe, na kwamba dawa zote za hospitali hutoka kabatini kwa idhini ya mashine. Yote hayo aliyajua. Lakini alijua vilevile kwamba nafasi ya naibu waziri ilikuwa wazi, nayo ilikuja na gari lenye bendera.

"Mheshimiwa," akasema, "idara yangu imeshajaribu. Fulani bin Fulani amepita salama. Taa ni ya kijani."

Wakapiga makofi. Injinia Kidawa akafunga kompyuta yake, akaomba likizo siku ileile, na jioni alikuwa uwanja wa ndege na watoto na masanduku. Watu wakasema hana uzalendo.

Siku ya kupandisha toleo ilikuwa sikukuu. Palijengwa jukwaa, likawekwa meza, juu ya meza kitufe chekundu chenye kitambaa cha hariri. Waziri Machupa alihutubia.

"Ndugu wananchi! Kuna mataifa ambayo bado yanahangaika na la tano. Tunawahurumia. Wako waliofika la saba kwa pupa, bila maandalizi, bila vikao. Hao tunawacheka. Sisi tumefanya vikao! Leo tunapanda, na tukipanda tumepanda. Serikali hii haijui kushuka!"

Mwadhama Mwasisi akabonyeza kitufe. Katika kioo kikubwa cha mashine yakapita maandishi mengi ambayo hakuna aliyeyaelewa, na yalipokoma kila mtu akamgeukia Dakta Zefania. Kwa desturi ilikuwa zamu yake kuliendesha jaribio ili taa ya kijani iwake mbele ya umma. Akaliendesha.

Hapa ndipo lilipotokea jambo dogo. Ndani ya mipangilio ya msimbo kulikuwa na mstari mmoja ulioelekeza kazi ifanyike kwenye kanzidata ipi, ile tupu au ile halisi. Kwa ajili ya kitufe cha Mwasisi mstari huo ulikuwa umewekwa kwenye halisi. Dakta hakuukumbuka kuurudisha, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye gari lenye bendera lililoegeshwa kivulini. Basi Fulani bin Fulani akaingia moja kwa moja kwenye kanzidata ya taifa. Msimbo mpya ukauliza kama yu hai, jaribio likajibu NDIYO, na taa ikawaka kijani. Jaribio likataka kumfuta kama ilivyo kawaida, mashine ikakataa. Raia hai hafutwi bila idhini ya mkuu wa nchi. Onyo lilitokea pembeni mwa kioo kwa herufi ndogo, na Dakta, ambaye hakupenda onyo, akalifunga.

Bendi ikapiga wimbo wa taifa, na katikati ya ubeti umeme ukakatika, maana marehemu hawana haki ya umeme. Simu za watu zikalia kwa pamoja. Kila mtu alikuwa ameletewa ujumbe wa rambirambi kwa kifo chake mwenyewe, ukimwomba awe mvumilivu katika kipindi hiki kigumu. Mwasisi akaliendea gari lake, akaweka kidole mlangoni, gari likagoma kumfungulia. Likamwambia kwa sauti tamu ya kike kwamba mmiliki ametangulia mbele ya haki.

Dakta hakungoja kuona zaidi. Alikimbilia hospitali na suti yake ya sherehe, akamkuta mama yake ameketi kitandani, amekunja uso kwa maumivu, na pembeni yake Daktari Mwatumu akiligonga kabati la dawa kwa ngumi.

"Halifunguki," akasema daktari. "Nikiandika jina la mama linaniambia mgonjwa ni marehemu. Nikiandika langu linaniambia pole. Nikileta ushahidi linasema wa marehemu haupokelewi."

"Muda upo?" akauliza Dakta.

"Nyongo imevimba. Isipotolewa kabla ya Ijumaa itapasuka yenyewe, na hapo hatutahitaji mashine ituambie kitu."

Bi Nambua akamwita mwanawe kwa kidole.

"Zefa. Nani kasema mimi nimekufa?"

"Mashine, mama."

"Mashine iliambiwa na nani?"

Dakta akatazama viatu vyake. Vilikuwa vizuri sana, vya ngozi.

"Mwanangu, nimekuuliza."

"Ni mambo ya kitaalamu, mama. Nitayashughulikia."

Na alikwenda kuyashughulikia, tusimnyime haki yake. Injinia Kidawa kabla ya kuondoka alikuwa ameacha msimbo wa kurudi, unaoweza kuishusha kanzidata kutoka la saba hadi la sita, watu wote wakiwa kama walivyokuwa jana. Dakta aliufikisha Baraza la Mawaziri, walikokuwa wamekaa gizani wakipepewa kwa magazeti. Mwasisi alikuwa kwenye kiti chake mbele ya meza.

"Waheshimiwa, turudi la sita. Ni neno moja tu la kuandika."

"Kurudi?" akasema Waziri Machupa. "Yaani kushuka? Asubuhi tumewaambia watu hatujui kushuka, jioni tushuke? Majirani watasemaje?"

"Lakini tumekufa, Mheshimiwa."

"Tumekufa tukiwa la saba, Dakta. Hiyo ni heshima."

Mwasisi akapiga meza. "Nasema turudi! Mimi ndiye ninayesema!"

Mwanasheria Mkuu akakohoa kwa adabu, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba, kwa mujibu wa kanzidata, aliyesema hivi punde hayupo tena. Katiba ilikuwa wazi. Mkuu wa nchi akifariki madaraka huenda kwa makamu, na makamu naye akiwa amefariki huenda kwa raia aliye hai mwenye umri mkubwa kuliko wote. Alikuwa ameuliza mashine yenye betri. Raia aliye hai alikuwa mmoja.

"Nani?" wakauliza wote.

"Fulani bin Fulani, wa Mtaa wa Mtaani."

"Mimi hapa!" akapaza sauti Mwasisi. "Nyinyi! Mimi hapa!"

Waziri Machupa, aliyekuwa akimbusu Mwasisi mkono kila asubuhi kwa miaka chungu nzima, akatoa leso, akajifuta jicho lisilo na chozi.

"Marehemu alikuwa mcheshi sana," alisema. "Tutamkumbuka kwa hilo."

Nao wakasimama kwa heshima, wakainamisha vichwa, kisha wakamwomba mlinzi auondoe mwili. Mwili ulipiga mateke hadi mlangoni. Mimi nimeona woga wa namna nyingi, lakini woga wa wale mabwana uligeuka utii mpya kwa kasi iliyonitia kichefuchefu. Kabla mlango haujafungwa walikuwa wanashindana kusema jinsi walivyompenda Fulani tangu zamani, mtu wa watu, asiye na makuu, asiyewahi kumnyanyasa waziri. Mmoja alikumbuka kwamba walisoma pamoja.

Ila Fulani alihitaji mtu wa kumsemea, na hapo wote wakamgeukia Dakta Zefania. Si yeye ndiye aliyemfahamu? Si ndiye aliyekuwa akimpandisha toleo baada ya toleo? Wakampa cheo cha Msemaji Mkuu wa Rais, wakampa ufunguo wa kuandika amri kwa jina la Rais, wakampa gari lenye bendera.

Basi neno la kuwarudisha watu wote lilikuwa sasa mikononi mwake. Rais pekee ndiye awezaye kuamuru kushuka toleo, na mkono wa Rais ulikuwa mkono wa Dakta. Lakini kanzidata ikirudi la sita Fulani hatakuwamo, Mwasisi atafufuka na hasira zake zote, na swali la kwanza litakuwa ni nani aliyempenyeza mtu wa kutunga ndani ya taifa.

Kulipokucha alikwenda kumweleza mama yake yote, si kwa sababu alikuwa mkweli, bali kwa sababu aliamini atambembeleza. Bi Nambua alimsikiliza macho yamefumbwa. Ngozi yake ilikuwa imeanza kuwa ya manjano.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Mama, ukiangalia hali ilivyokuwa..."

"Niko kitandani naangalia. Ni wewe uliyesema tumepita salama, na hukumjaribu hata mtu mmoja anayekula ugali. Sikiliza, Zefa. Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, nimekwenda na wewe kwa miguu hadi zahanati na mvua inanyesha. Sikudai. Leo nakuomba kitu kimoja. Kesho panda hapo jukwaani, waambie watu ni wewe, halafu andika hilo neno lako."

"Wataninyonga, mama."

"Na mimi je?"

Dakta akalia. Alilia kwa kwikwi, akaulaza uso kwenye shuka, akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba kesho atasema. Na wakati anaapa alimaanisha, hilo nalisadiki. Mwoga ana dakika zake za kumaanisha.

Kesho yake umma ulijaa uwanjani kumsikia Rais mpya. Kwenye jukwaa kiliwekwa kiti kitupu kilichopambwa kwa maua, na mawaziri walikiinamia mmoja mmoja. Dakta alikuja na mashine ndogo mkononi, neno la kurudi likiwa limeshaandikwa, limebaki kubonyezwa. Hospitalini, redio ya betri ilikuwa dirishani mwa wodi, na wagonjwa wote waliokufa waliinua vichwa kusikiliza.

"Ndugu wananchi," akaanza, "nina jambo la kukiri."

Waziri Machupa akasogea sikioni mwake, akamnong'oneza kwa upole wa kaka: "Msemaji, hivi Rais akituondokea, si watu watauliza nani alimleta?"

Dakta akautazama umati. Akatazama kile kiti. Kisha akalitazama gari, na bendera yake ndogo ilikuwa ikipepea vizuri sana. Kidole chake kikaondoka kwenye mashine.

"Ninakiri," akasema, na sauti yake ikaanza kunenepa, "ninakiri kwamba sijapata kuona kiongozi kama Mheshimiwa Rais Fulani! Ameniagiza niwasalimu. Anasema toleo la nane linakuja, na kamati imeshaundwa. Kila aliyefariki awe na subira!"

Makofi yakapigwa hadi redio ikakwaruza. Katika wodi hakuna aliyepiga. Bi Nambua akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Daktari," akasema, "wewe nawe si umekufa?"

"Tangu juzi, mama."

"Maiti akivunja kabati, sheria inamfanya nini?"

Daktari Mwatumu alifikiri. Alimfikiria polisi, naye ni marehemu. Alimfikiria hakimu, naye ni marehemu. Alifikiri pia juu ya Mwanasheria Mkuu, na kwa mara ya kwanza tangu sikukuu ile akacheka. Akatoka, akarudi na nondo aliyoiokota kwa mafundi nyuma ya jengo, akalipiga kabati hadi mlango ukang'oka. Dawa ya usingizi ilikuwemo, na nyuzi zilikuwemo. Manesi wawili walisukuma meza hadi dirishani penye mwanga wa jua, wakachemsha vyombo kwa mkaa, na Bi Nambua akapasuliwa na watu waliokufa, bila idhini, bila toleo, na bila kuandikwa popote. Nyongo ilitoka na mawe yake. Siku hiyohiyo wagonjwa wengine waliomba wapewe zamu.

Dakta Zefania alisikia habari hizo baada ya siku kadhaa, akafurahi kupita kiasi. Aliona mambo yote yamejipanga yenyewe. Mama mzima, kiti kizima, hakuna aliyenyongwa. Alinunua maua na maboksi ya juisi, akaenda hospitali na ving'ora. Alimkuta mama yake ameketi sawasawa, rangi imemrudia, anakunywa uji wa moto kwa kijiko huku nesi akimtengenezea mto.

"Mama!" akasema, mikono wazi. "Nilikwambia nitayashughulikia!"

Bi Nambua hakugeuka. Alimeza uji wake, akafuta mdomo kwa pembe ya khanga, akamwambia nesi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Mwambie huyo bwana mama yake alikufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyepitisha. Na marehemu hapokei wageni."

Nesi akamtazama Dakta, akamwonyesha mlango. Dakta akaweka maua sakafuni, akashuka ngazi, dereva akamfungulia mlango wa gari lenye bendera, naye akaingia.